Bukavu: Mgr Munzihirwa, askofu aliyebaki wakati mji unaanguka

Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu wa Bukavu, Mgr Christophe Munzihirwa Mwene Ngabo, aliuawa kwa risasi pale Nyawera, katika komine ya Ibanda. Alikuwa na umri wa miaka 70. Karibu miaka 30 imepita, na hakuna mahakama iliyokwisha kumhukumu mtu yeyote kwa kifo hicho.

Kaburi lake liko kwenye kathedrali ya Notre-Dame de la Paix. Kila mwaka, tarehe hiyo ikifika, waamini hukusanyika hapo kwa misa ya kumkumbuka. Siku nyingine mji unaendelea na shughuli zake. Wamotari wanapita Nyawera wakitafuta abiria, wamama wanapanga nyanya na sombe sokoni, na wanafunzi wengi wanaopita hapo hawakuwa wamezaliwa mwaka 1996. Wanalijua jina lake. Maisha yake, wachache tu ndio wanaweza kuyasimulia.

Katika mji wa Florence, huko Italia, wageni hulipa waongozaji ili watembezwe kwa miguu kanisa hadi kanisa. Ndani ya kanisa la Santa Croce wanaonyeshwa makaburi ya Michelangelo, Galileo na Machiavelli. Kisha wanapelekwa kwenye uwanja wa Signoria, mahali ambapo padiri mhubiri Savonarola alinyongwa na kuchomwa moto mwaka 1498 baada ya kugombana na wakubwa wa wakati wake. Jiwe la duara limewekwa chini kuonyesha mahali penyewe, na mwongozaji husimama hapo na kueleza kisa chote.

Makanisa ya Bukavu hayana umri wa miaka 500. Mji wenyewe ulikuwa kituo kidogo cha wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi uliitwa Costermansville. Lakini mtu akitaka kumtembeza mgeni wake kwa miguu, kutoka kathedrali hadi Nyawera, ana historia ya kutosha ya kumsimulia njiani. Historia hiyo inaanzia mbali kidogo na mji.

Kutoka Burhale hadi Leuven

Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 huko Lukumbo, upande wa Burhale, katika teritware ya Walungu. Ni mtoto wa Bushi, aliyekulia kijijini wakati misheni za Mapadri Weupe zilikuwa zinafungua shule na seminari katika Kivu. Alipata upadri mwaka 1958. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba 1959, Bukavu ikafanywa jimbo kuu, na miezi michache baadaye nchi ikapata uhuru.

Mwaka 1963 alichukua njia ambayo mapadri wa jimbo hawaichukui mara nyingi. Akiwa na miaka 37, na tayari amezoea kuongoza waamini, aliomba kuingia katika shirika la Wajezuiti. Maana yake ni kuanza upya kama mnovisi, kukaa chini ya malezi pamoja na vijana wadogo kuliko yeye, na kwenda popote wakubwa wa shirika watakapomtuma. Walimtuma hadi Leuven, Ubelgiji, kusoma elimu ya jamii na ya uchumi.

Masomo hayo yalimsaidia baadaye. Alipozungumza juu ya vita, aliuliza pia maswali ya uchumi: silaha zinatoka wapi, nani anazilipia, nani anapata faida wakati mkulima wa Walungu au wa Kalehe anapoteza shamba lake.

Padiri aliyevaa nguo za askari

Kisa kinachosimuliwa sana juu yake ni cha mwaka 1971, huko Kinshasa. Mwezi Juni mwaka huo, wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium waliandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa na askari tarehe 4 Juni 1969. Raisi Mobutu alikasirika. Aliamuru chuo kifungwe na wanafunzi waingizwe jeshini kwa nguvu, waseminari wakiwa ndani ya kundi hilo.

Munzihirwa alikuwa na miaka 45. Amri haikumhusu. Hata hivyo alikwenda mwenyewe kuomba aandikishwe pamoja nao, kwa sababu hakutaka vijana wapelekwe kambini peke yao. Padiri aliyesoma Ulaya akakubali kuvaa nguo za askari wa kawaida na kupokea amri kama kuruta yeyote.

Mwaka 1980 aliwekwa kuwa mkubwa wa Wajezuiti wa Afrika ya Kati. Wengi walianza kumwita Mzee, na jina hilo likamkaa hadi mwisho. Alijulikana kwa maisha ya kujinyima na kwa tabia ya kusema jambo wazi, hata mbele ya mtu mwenye bunduki.

Kasongo, kisha Bukavu

Mwaka 1986 Papa Yohane Paulo wa Pili alimteua askofu mwandamizi wa Kasongo, katika Maniema, na mwaka 1990 akawa askofu kamili wa jimbo hilo. Kasongo ni mji wa zamani, unaosema Kiswahili tangu wakati wa misafara ya Tippu Tip. Munzihirwa alikuta huko watu waliochoshwa na askari. Serikali ya Zaire ilikuwa hailipi tena jeshi lake vizuri, na askari walikuwa wanajilipa wenyewe kwa kuchukua mbuzi, kuku na pesa za raia. Askofu alikemea wizi huo hadharani. Uporaji mkubwa wa mwaka 1991 na ule wa 1993, ulioharibu miji mingi ya Zaire, ulionyesha kwamba mambo aliyoyasema hayakuwa ya Kasongo peke yake.

Tarehe 14 Machi 1994 alitangazwa kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu. Hazikupita hata wiki nne, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza Rwanda. Watu zaidi ya 800,000 waliuawa kati ya Aprili na Julai.

Mwezi Julai, vita ilipogeuka, mafuriko ya watu yalivuka Ruzizi na kuingia Bukavu. Walikuwa wengi kuliko mji ulivyoweza kubeba. Walilala barabarani, kwenye viwanja vya shule, kwenye nyua za parokia. Baadaye makambi yalifunguliwa Kashusha, Inera, Nyakavogo, Panzi na kwingine. Kati yao walikuwepo wamama, watoto na wazee. Walikuwepo pia wanajeshi walioshindwa na wanamgambo waliokuwa na damu mikononi.

Hapo ndipo kazi yake ilipokuwa ngumu zaidi. Munzihirwa aliomba wakimbizi wapokelewe kama binadamu. Aliomba pia wenye makosa ya mauaji watafutwe na kuhukumiwa, lakini umati mzima usibebeshwe makosa ya wauaji. Aliandika kwa mabalozi na kwa mashirika ya kimataifa akionya kwamba silaha zinazidi kuingia katika eneo la Maziwa Makuu na kwamba vita nyingine inakuja. Aliwalaumu watawala wa Kigali, akawalaumu pia watu wa Mobutu na askari wa Zaire. Kwa hiyo hakuwa na rafiki mkubwa upande wowote. Wapo waliomwona kama mtetezi wa Wahutu tu, wakasahau kwamba aliwatetea pia Watutsi wa hapa nchini walipoanza kutishwa na kufukuzwa.

Siku za mwisho

Mwezi Oktoba 1996 vita ikafika. Usiku wa kuamkia tarehe 6 au 7, hospitali ya Lemera, katika teritware ya Uvira, ilishambuliwa, na wagonjwa pamoja na wauguzi wakauawa. Tarehe 8 wakubwa wa Kivu ya Kusini waliwapa Banyamulenge wiki moja tu ya kuondoka. Kabla mwezi haujaisha Uvira ilikuwa imeanguka. Wapiganaji wa AFDL wakiwa pamoja na jeshi la Rwanda walielekea Bukavu.

Wenye mamlaka walianza kuondoka. Askari wa Zaire nao walikimbia, wengine wakipora kabla ya kupanda milima. Mtu aliyekuwa na gari na pesa ya mafuta angeweza kutoka. Askofu Mkuu alikuwa na njia ya kutoka, lakini alibaki. Kwa siku chache alikuwa karibu mkubwa pekee aliyebaki mjini ambaye watu waliweza kumfuata na kumuuliza wafanye nini. Katika ujumbe wake wa mwisho aliwasihi wakaaji wasimame imara katika mapendo na wasikubali kutupwa katika chuki ya kabila.

Tarehe 29 gari lake lilisimamishwa na askari Nyawera. Inasimuliwa kwamba alishuka akiwa ameshika msalaba wake mkononi, akawakaribia. Alipigwa risasi. Mwili ulibaki barabarani usiku, kwa kuwa milio ya bunduki ilimzuia kila mtu kutoka nje. Watawa ndio walioweza kuuchukua baadaye, na Mzee akazikwa kwenye kathedrali yake.

Walichoacha nyuma

Nafasi yake ilichukuliwa mwaka 1997 na Mgr Emmanuel Kataliko, mtoto wa Wanande. Yeye naye aliendelea kusema. Mwezi Februari 2000 wakubwa wa RCD walimzuia kukaa Bukavu, wakampeleka Butembo kwa miezi saba. Alirudi mwezi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akafariki akiwa Italia. Mji uliwapoteza maaskofu wakuu wawili katika muda wa miaka minne.

Kinshasa, kituo kinachopokea watoto wa barabarani kinaitwa Centre Monseigneur Munzihirwa. Mwaka 2016, miaka 20 baada ya kifo chake, jimbo kuu la Bukavu lilifungua hatua za kuomba atangazwe mwenye heri. Kazi hiyo ni ya Kanisa, na ina njia zake ndefu.

Upande wa haki za nchi, hatua ni chache sana. Umoja wa Mataifa ulitoa mwezi Oktoba 2010 ripoti kubwa juu ya makosa yaliyofanywa hapa kwetu kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Ripoti hiyo inaorodhesha matukio zaidi ya 600. Mpaka leo mahakama maalumu ambayo familia za waliouawa zinaiomba haijaundwa.

Mwezi Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, wakaaji wengi walifunga milango na kujiuliza tena swali la mwaka 1996: nani anabaki nasi? Walioishi wakati ule walilitaja jina la Mzee bila kuulizwa.

Kwa kijana anayetaka kujua zaidi, hakuna tiketi ya kununua. Kaburi liko kathedrali, na Nyawera ni palepale. Wazee walioshuhudia siku zile bado wako katika Ibanda, Kadutu na Bagira, ingawa kila mwaka wanapungua. Inafaa kuwaomba wasimulie wakati bado wana nguvu ya kutembea.