Karl Ferdinand Braun, Aliyeupa Umeme Jicho

Kila askari wa mawasiliano, na kila polisi wa zamu, anajua kwamba amri isiyofika ni hasara, lakini amri iliyofika ikiwa imepotoka ni hatari kubwa zaidi. Kwa ajili hiyo twaona yafaa kusimulia maisha ya Karl Ferdinand Braun, mtaalamu wa Kijerumani aliyewawezesha binadamu kuiona kwa macho hali ya umeme upitao katika waya.

Braun alizaliwa tarehe 6 Juni 1850 katika mji wa Fulda. Mwaka 1872 alipata shahada ya udaktari mjini Berlin, kisha akawa mwalimu wa shule huko Leipzig. Mwaka 1874 aligundua kwamba baadhi ya mawe ya madini huruhusu umeme kupita upande mmoja na kuuzuia upande wa pili.

Kazi yake kubwa ilitokea mwaka 1897, alipokuwa profesa mjini Strasbourg. Alitumia tyubu ya kioo iliyotolewa hewa, ambamo miale ya kathodi ilipita katika tundu dogo na kugonga kibao king'aacho, pakaonekana nukta ya mwanga. Karibu yake aliweka koili. Umeme ulipobadilika ndani ya koili, nukta ikacheza kwa kuufuata. Mwaka 1899 msaidizi wake, Jonathan Zenneck, aliipa nukta mwendo wa ubavuni, hata mchoro mzima ukasomeka. Hiyo ndiyo asili ya osiloskopu. Braun hakujiandikishia haki ya pekee juu ya tyubu hiyo, bali aliwaachia wataalamu wote waitumie.

Aliishughulikia pia simu ya upepo. Alitenga mahali pa kuzalisha cheche na eriali yenyewe, na kwa njia hiyo habari zikafika mbali zaidi. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Marconi.

Vita vilipozuka mwaka 1914, simu ya upepo ikawa shabaha ya majeshi. Hata katika nchi zetu, mwezi wa Juni 1915, Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu wakaushambulia mji wa Bukoba ili wakiharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Braun mwenyewe alikuwa amekwenda New York kutoa ushahidi katika kesi iliyohusu kituo cha Sayville. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, njia ya kurudi kwao ilikuwa imefungwa. Alifariki Brooklyn tarehe 20 Aprili 1918, mbali na nyumbani, kabla vita havijakwisha.

Lakini chombo chake hakikufa. Leo nyuzi za kioo za mtandao wa taifa zimefika Arua na Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Habari husafiri humo kwa mapigo ya mwanga, pigo likiwa moja, na giza likiwa sifuri. Zikifika, mwanga hugeuzwa kuwa umeme, na fundi aweza kuupima kwa osiloskopu.

Fundi huyo hupanga maelfu ya mapigo juu ya mengine, yote yakianzia wakati mmoja. Mistari ikipishana, katikati huonekana uwazi wenye umbo la jicho. Jicho likiwa wazi, moja na sifuri zatambulikana bila shaka. Likifinyika toka juu na chini, makelele yamezidi au nguvu zimepungua. Likifinyika toka kushoto na kulia, mapigo yanayumba kwa wakati, haya yakiwahi na yale yakichelewa. Likifumba kabisa, mashine hukisia tu. Sifuri yaweza kusomwa moja, na tarakimu moja katika amri ikibadilika, kikosi chaweza kupelekwa mahali pasipo pake.

Mchoro huu wa jicho ulibuniwa baada ya Braun, lakini umesimama juu ya msingi wake. Kwa hiyo, ndugu askari, habari kutoka Arua ikifika Koboko ikiwa imeharibika, tusiharakishe kumshutumu mwenzetu aliyeituma. Huenda ni kiungo kilichoingia vumbi, au uzi uliopindwa kupita kiasi. Kwanza tulitazame jicho, ndipo tuamue kosa liko wapi.