ERATOSTHENES NA TAO LA DUNIA

Katika jometri kuna neno dogo ambalo wengi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukalisahau. Neno hilo ni tao. Tao ni kipande cha mzingo wa duara. Upinde ukivutwa, mti wake uliopindika ni mfano wa tao. Leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu aliyepata kipimo cha dunia nzima kwa tao moja tu lililomo katika nchi ya Misri.

Mtu huyo ni Eratosthenes. Alizaliwa karibu mwaka 276 K.K. huko Kirene, mji wa Wagiriki karibu na pwani ya nchi iitwayo leo Libya. Kwa hiyo yeye ni mzaliwa wa bara letu la Afrika. Alipokuwa kijana alivuka bahari akaenda kusoma Athene. Sifa zake zikamfikia Ptolemaio wa Tatu, mfalme wa Misri, naye akamwita Iskanderia, akamfanya mkuu wa maktaba yake mashuhuri.

Eratosthenes hakujifunga na elimu moja. Alitunga mashairi, akapanga tarehe za mambo ya kale, akachora ramani, akachungua nyota. Njia yake ya kuchekecha namba tasa ingali inafundishwa madarasani hata leo. Lakini penye watu hapakosi masengenyo. Wakambandika jina la Beta, yaani herufi ya pili ya Kigiriki, maana yake kwamba katika kila elimu yeye ni wa pili, wala hakuna hata moja ambayo yeye ni wa kwanza. Hata hivyo Archimedes, bingwa wa hesabu wa zama zile, alimheshimu hata akampelekea kazi zake azisome.

Basi, ilijulikana kwamba huko Syene, kusini mwa Misri, mji uitwao leo Aswan, katika siku iliyo ndefu kuliko zote za mwaka, jua la saa sita mchana husimama utosini, na kijiti kilichosimamishwa wima hakitupi kivuli. Lakini Iskanderia, upande wa kaskazini, siku ile ile na saa ile ile, kijiti hutupa kivuli kifupi. Mtu mwingine angesema ni ajabu, kisha akaenda zake. Eratosthenes alikaa akafikiri.

Ili tumfahamu, tutazame gurudumu la baiskeli, kama zile zinazoteremka na mikungu ya ndizi kutoka Bugarama hadi Bujumbura. Tuseme lina spoki 36 zilizoachana sawasawa, nawe umepima ukingo wake kati ya spoki mbili, ukapata sentimita 5 na nusu. Huna haja ya kuzungusha kamba gurudumu zima. Zidisha mara 36, utapata sentimita 198. Kile kipande ulichokipima ndicho tao.

Eratosthenes aliona kwamba vijiti viwili vilivyo wima, kimoja Syene na kimoja Iskanderia, ni kama spoki mbili za dunia, kwa kuwa vyote viwili vinaelekea kwenye kitovu chake. Nayo miale ya jua, kwa kuwa inatoka mbali mno, hufika kwetu ikiwa sambamba. Kwa hiyo pembe ya kivuli cha Iskanderia ni sawa na pembe iliyo kati ya spoki hizo mbili katika kitovu cha dunia. Aliipima akaona ni sehemu moja katika 50 ya duara zima, yaani nyuzi 7.2. Umbali kati ya miji hiyo miwili ulihesabiwa kuwa stadio 5,000. Hilo ndilo lililokuwa tao lake. Akazidisha mara 50, akapata stadio 250,000. Hata tukiichukua stadio ndefu ya mita 185, hakukosea zaidi ya sehemu moja katika sita. Leo twajua kwamba mzingo wa dunia unaopita katika ncha zake mbili ni kilomita 40,008.

Sisi wa Bujumbura tunaweza kumfuata, tena kwa nafasi bora kuliko yake. Yeye alichukulia kwamba Syene na Iskanderia ziko katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kumbe Syene iko mashariki kwa nyuzi 3 hivi. Mji wetu umeachana na mstari wa Iskanderia kwa kadiri ya nusu ya nyuzi tu! Karibu na tarehe 12 Machi, na tena karibu na tarehe 1 Oktoba, simamisha kijiti wima uwanjani saa sita mchana. Kivuli chake kitatoweka. Iskanderia siku hiyo pembe ya kivuli ni nyuzi 34 na nusu hivi. Tao lililo kati yetu na mji wa Eratosthenes ni kilomita 3,840 hivi. Chukueni kalamu mjaribu wenyewe kutafuta mzingo.

Uzeeni Eratosthenes alipofuka, asiweze tena kusoma vitabu alivyovitunza. Alifariki karibu mwaka 194 K.K., mwenye umri wa miaka 80 hivi. Hata kitabu chake cha kupima dunia kimepotea. Habari zake tunazipata kwa waandishi wengine.

Hesabu ile ilihitaji jometri, elimu ya nyota na jiografia kwa pamoja, na mtu mwenye moja tu kati ya hizo asingeifikia. Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeshika nafasi ya pili katika kila somo muhula huu, usione haya. Umbuke Beta wa Kirene, kisha ukatafute kijiti chako.