Robert Stirling: Mchungaji aliyekataa joto lipotee bure

Mwaka 1816 kijana wa miaka 25 alifanya mambo mawili makubwa huko Scotland. Alianza kazi ya uchungaji mjini Kilmarnock, na mwaka huohuo akaomba hataza ya injini isiyotumia mvuke. Jina lake Robert Stirling.

Enzi hizo maboila ya mvuke yalikuwa yakilipuka na kuua watu. Injini ya Stirling ilitumia hewa tu, ikipashwa moto upande mmoja na kupozwa upande wa pili.

Siri yake ilikuwa kifaa alichokiita ekonomaiza. Hewa ya moto ikipita hapo, inaacha joto lake. Ikirudi, inalichukua tena. Yaani joto halitupwi, linatumika upya.

Mwaka 1818 injini yake ilivuta maji kwenye machimbo ya mawe. Mwaka 1843 mdogo wake, James, aliweka kubwa zaidi kiwandani mjini Dundee. Shida ikawa chuma: cha wakati ule hakikuhimili moto, silinda zikawa zinaharibika, na mwaka 1847 injini ikaondolewa. Stirling aliendelea na uchungaji wake mjini Galston hadi alipofariki mwaka 1878, akiwa na miaka 87.

Kumbe injini hiyo ukiiendesha kwa mota badala ya moto, inageuka mashine ya kupoza! Miaka ya 1950 kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitumia hivyo kugeuza hewa kuwa kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 190 hivi chini ya sifuri. Leo zipo ndogo za kushikika mkononi, ndani ya kamera zinazoona joto gizani na kwenye setilaiti.

Hapo ndipo joto linaposumbua tena. Mashine haitengenezi baridi, inahamisha joto. Gesi ya heliamu ikibanwa inapata moto, na moto huo lazima utoke nje, kama unavyousikia nyuma ya friji ya nyumbani. Mashine ikiwa ndogo, nafasi ya kuutoa nayo ni ndogo, ndiyo maana huwekewa feni au vibati vya kutawanya joto. Joto likikwama, upande wa baridi nao unapanda, na kamera inaacha kuona vizuri.

Na ndani yake, wavu wa waya mwembamba unashika joto na kulirudisha kila gesi inapopita. Ni ekonomaiza ileile ya mchungaji wa Kilmarnock.