Kristen Nygaard, aliyeifundisha kompyuta kurithi

Leo tunamtazama Kristen Nygaard, aliyezaliwa Oslo, Norway, mwaka 1926. Yeye na Ole-Johan Dahl waliunda Simula 67, lugha ya programu ambamo klasi moja hurithi sifa za nyingine. Simula ilijisafishia kumbukumbu yenyewe. Swali la nani afagie lilikuja na C++ ya Bjarne Stroustrup wa Denmark, aliyeitumia Simula akisoma Cambridge. Yeye aliweka distrakta, kipande kinachosafisha kitu kinapomaliza kazi. Mzazi hujengwa kwanza, lakini wakati wa kubomoa mtoto hutangulia, kama nyumba inavyoezuliwa paa kabla ya kung'olewa msingi. Hatari ipo hapa: ukimfuta mtoto kupitia kielekezi cha mzazi, na distrakta ya mzazi haikutangazwa virtual, C++ haikuhakikishii chochote. Mara nyingi ya mtoto hurukwa, kumbukumbu ikavuja kimyakimya. Neno hilo virtual nalo, tusisahau, lilitoka Simula.

Nygaard hakuwa mtu wa maabara tu. Aliongoza kampeni ya kupinga Norway kujiunga na Umoja wa Ulaya, na kura ya mwaka 1994 ikakataa. Yeye na Dahl walipewa Tuzo ya Turing ya 2001. Dahl alifariki Juni 2002, Nygaard akamfuata Agosti.