Abu Huraira na Mfuko wa Chakula cha Paka

Yapo mambo ambayo mtu huona haya kuyaandika gazetini, na chakula cha paka ni mojawapo. Katika nchi ambamo wengi hawana uhakika wa mlo wa jioni, ni nani atakayemsikiliza anayelalamika kwa niaba ya paka? Hata hivyo, yaliyonipata hapa Makupa yamenikumbusha maisha ya mtu mashuhuri ambaye jina lake husikika mara kwa mara katika hotuba za misikiti yetu, ilhali wengi wetu husahau kwamba maana yake ni baba wa kijipaka.

Nilinunua dukani mfuko wa chakula cha paka cha bei ya juu, kinachosifiwa kuwa bora kupita vyote. Mfuko wa kwanza paka wangu aliumaliza kwa furaha. Wa pili ulikuwa na jina lile lile, picha ile ile na bei ile ile, lakini ndani mlikuwa na chembe zilizopauka, zilizojaa vumbi na kunuka mafuta yaliyochacha. Paka alinusa, akanitazama, akaenda zake. Kwa kuwa nilikwisha kulipa, nilikataa kumpa kingine. Njaa ilipomshinda alikula, naye akatapika kwa siku mbili. Mwenye duka alinieleza kwamba paka wangu amedekezwa tu.

Abu Huraira, ambaye kwa kauli iliyo maarufu aliitwa Abdul-Rahman bin Sakhr, alitoka katika kabila la Daus, kusini magharibi mwa Bara Arabu. Alikua yatima, akatumikia watu kwa ujira wa kushibisha tumbo lake. Alipokuwa akichunga mbuzi wa jamaa zake alikuwa na kijipaka ambacho usiku alikiweka mtini, na mchana akicheza nacho machungani. Hapo ndipo alipopata lakabu iliyomfuata hadi kaburini.

Alifika Madina mwaka wa 7 Hijria, yaani 628, wakati wa vita vya Khaibar. Hakuwa na nyumba wala mali, akaishi na maskini wa Suffa, waliolala katika baraza la msikiti wa Mtume (S.A.W.). Alifunga jiwe tumboni kwa njaa. Siku moja alikaa njiani akiwauliza wapitao maana ya aya, si kwa kutoijua, bali akitumaini kualikwa chakula. Ni Mtume aliyeitambua njaa usoni mwake, akamtuma awaite wenzake wote wa Suffa kwenye bakuli moja la maziwa, naye akanywa baada yao hadi akashiba.

Mtu huyu, aliyejua kuishi kwa kungojea mkono wa mwingine, alipokea Hadithi nyingi kuliko Sahaba yeyote; wanazuoni huhesabu 5,374. Mbili kati ya hizo zinanihusu. Moja inamhusu mwanamke aliyestahili adhabu kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Nyingine inaeleza jinsi Mtume alivyopita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali alisema kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume alimuuliza kwa nini basi hakuiweka juu watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi.

Baadaye Khalifa Omar alimfanya liwali wa Bahrain, kisha akamwita na kumhoji kuhusu mali aliyorudi nayo, ikatiwa katika Baitul-Mali. Alipotakiwa kurejea kazini, alikataa. Katika uzee wake, akikaimu uliwali wa Madina, alipita sokoni na mzigo wa kuni mgongoni, akiwaomba watu kwa utani wampishe liwali wao. Alifariki yapata mwaka wa 59 Hijria, akazikwa Baqii.

Msomaji mpendwa, yule mfanyabiashara wa nafaka hakusema uongo, kwani mvua ilinyesha kweli. Kosa lake lilikuwa kuficha. Vivyo hivyo, safari ndefu baharini na joto la Mombasa huweza kuchachusha mafuta ya chakula chochote. Hata watengenezaji wakubwa hukosea: mnamo 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliolishwa vyakula vya viwandani walikuwa wakiugua moyo kwa kupungukiwa na taurini, kirutubisho ambacho paka hupata katika nyama na samaki. Kasoro ilipojulikana, taurini iliongezwa. Hivyo ndivyo nafaka mbichi inavyowekwa juu.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa habari anazohitaji. Bei ya juu ni ahadi, na ahadi hiyo haina budi kutimizwa katika kila mfuko. Muuzaji aoneshe tarehe iliyo wazi, na akubali kurejeshewa kilichoharibika bila ya kumsingizia paka.

Nami nina deni langu. Kwa siku nzima nilimnyima paka chakula kingine kwa uchungu wa pesa zangu, ilhali hakuwa na pa kwenda. Siku hiyo nilikuwa karibu zaidi na yule mwanamke kuliko na Abu Huraira.