Nikolaus wa Flüe, Mkulima Mpatanishi

Nchi ya Uswisi iko Ulaya, katikati ya milima mirefu. Wakati wa baridi theluji hufunika mashamba na njia zote. Huko, katika kijiji cha Flüeli, jimbo la Obwalden, alizaliwa Nikolaus mwaka 1417. Wazazi wake walikuwa wakulima. Nikolaus hakujua kusoma wala kuandika. Alijua kulima, kuchunga ng'ombe, na kukausha majani ya kuwalisha wakati wa theluji. Tena alijua kusali.

Alipokuwa mtu mzima alimwoa Dorothea Wyss. Mungu akawajalia watoto kumi, wavulana watano na wasichana watano.

Watu walimheshimu sana Nikolaus. Vitani alikuwa mkubwa wa askari. Barazani alikuwa mwamuzi. Lakini alipoona kwamba waamuzi wengine hawafuati haki, alihuzunika, akaacha kazi hiyo. Walitaka kumfanya mkuu wa jimbo, naye akakataa. Akarudi shambani kwake.

Kwa muda mrefu alisikia moyoni kwamba Mungu anamwita akae peke yake na kusali. Lakini angewezaje kuwaacha mke na watoto? Jambo hili lilimtesa mchana na usiku. Hakutaka kutoroka kama mwizi. Alimweleza Dorothea yote. Kwa mama huyu neno hilo lilikuwa zito, maana mtoto wa mwisho alikuwa angali ananyonya. Walisali, wakangoja, na mwishowe Dorothea akakubali. Hans, mwana wao wa kwanza, alikuwa na miaka 20 hivi. Yeye akashika shamba. Tarehe 16 Oktoba 1467 Nikolaus alivaa kanzu nzito, akaagana na watu wake, akaenda zake.

Alikusudia kwenda mbali, lakini alipofika karibu na mji wa Liestal aligeuka. Akakaa katika bonde la Ranft, karibu na nyumba yake. Watu wakamjengea kikanisa na chumba kidogo. Alilala juu ya ubao, na mto wake ulikuwa jiwe. Ilisemwa kwamba hali chakula, ila hupokea Komunyo tu. Wakubwa wa jimbo hawakusadiki upesi. Waliweka walinzi kulizunguka bonde, lakini hawakuona mtu anayempelekea chakula. Basi maskini na wakuu wakaja kwake kutaka shauri, wakamwita Ndugu Klaus. Dorothea na watoto pia walikuja kumwona.

Siku zile majimbo manane ya Uswisi yalikuwa yameungana. Kati ya miaka 1474 na 1477 yalipigana na mtawala wa Bourgogne, yakamshinda. Lakini baada ya kushinda, yakaanza kugombana juu ya mali iliyotekwa. Tena miji miwili, Fribourg na Solothurn, iliomba kuingia katika umoja. Watu wa mijini walikubali. Watu wa vijijini walikataa, maana waliogopa kwamba wale wa mijini watawazidi nguvu.

Mwezi wa Desemba 1481 wajumbe walikutana mjini Stans. Walibishana kwa ukali, wala hawakupatana. Sasa ilikuwa karibu ndugu wachinjane. Ndipo Heimo Amgrund, padri wa Stans, alipoondoka usiku katika baridi kwenda Ranft kwa Ndugu Klaus. Tarehe 22 Desemba alirudi mbio, jasho likimtoka. Akawakuta wajumbe wanajitayarisha kwenda kwao. Akapita nyumba kwa nyumba, akilia na kuwasihi warudi barazani. Wakarudi, wakasikiliza shauri la mzee, na siku hiyohiyo wakapatana. Miji ile miwili ikapokelewa, na kengele zikalia kwa furaha.

Maneno ya Ndugu Klaus hayakuandikwa. Kwa nini wakuu walimsikia mzee wa miaka 64, asiye na mali wala askari? Kwa sababu kila mtu alijua kwamba hatafuti faida yake. Alikuwa amekwisha kataa ukuu. Hakuna aliyeweza kusema kwamba amenunuliwa.

Nikolaus alikufa tarehe 21 Machi 1487, mwenye miaka 70. Alizikwa Sachseln, na mwana wake wa mwisho alikuwa padri. Tarehe 15 Mei 1947 Papa Pio XII alimtangaza kuwa Mtakatifu. Watu wa Uswisi humkumbuka kama baba wa amani yao. Wanamkumbuka na Dorothea pia, maana bila ukubali wake Ndugu Klaus asingalikaa Ranft.

Mwenye kutaka kupatanisha watu, kwanza aondoe tamaa moyoni mwake.

Maulizo

1. Nikolaus alifanya kazi gani?
2. Kwa nini aliacha kazi ya uamuzi?
3. Dorothea alitoa nini kwa Mungu?
4. Watu wa vijijini waliogopa nini?
5. Kwa nini wajumbe walikubali shauri la Ndugu Klaus?