Jaji Jackson na mpaka wa alama za chuki

Kila alama ya kuchukiza inapojitokeza hadharani, iwe bendera, nembo au saluti, aghalabu sauti ya kwanza kusikika ni ile inayotaka ipigwe marufuku. Mimi siipuuzi sauti hiyo, maana aliyetukanwa ana haki ya kughadhibika. Hata hivyo, kabla hatujaiitikia, napenda tuyatazame maisha ya Robert H. Jackson, jaji wa Marekani aliyelikabili suala hili kutoka pande zote.

Jackson alizaliwa mwaka wa 1892 katika jimbo la Pennsylvania, akalelewa katika jimbo la New York. Alisoma mwaka mmoja tu katika chuo cha sheria cha Albany. Mengine alijifunza katika afisi ya wakili. Mnamo 1940 akawa Mwanasheria Mkuu, na mwaka uliofuata Rais Roosevelt akamteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Huko lilimfikia shauri la watoto wa shule. Mwaka wa 1940 mahakama hiyo ilikuwa imeamua kwamba mwanafunzi aweza kulazimishwa kuipigia bendera saluti. Jimbo la West Virginia likatoa amri hiyo mnamo 1942. Mtoto aliyekataa alifukuzwa shuleni, na wazazi wake waliweza kufungwa siku 30. Walioumia ni watoto wa Mashahidi wa Yehova, ambao imani yao iliwakataza kusujudia alama yoyote. Ajabu ni kwamba mkono ulinyoshwa kwa namna iliyowakumbusha wengi saluti ya Hitler, adui wa Marekani vitani. Mnamo 1943 Jackson aliandika hukumu iliyoutangua uamuzi wa awali. Kwake, serikali haina mamlaka ya kumchagulia raia la kuamini wala kumlazimisha alikiri.

Miaka miwili baadaye alikwenda Nuremberg kuwa kiongozi wa mashtaka wa Marekani dhidi ya wakuu wa Wanazi. Katika nyaraka zao aliona jinsi hotuba na magwaride ya chuki yalivyozaa mauaji ya mamilioni. Aliporejea hakuwa mtu wa kudhani kwamba maneno ni upepo mtupu. Mnamo 1949 wenzake walimwondolea mhubiri wa chuki aliyehutubia Chicago faini ya dola 100, ilhali hotuba yake ilikuwa imezua ghasia nje ya ukumbi. Jackson alipinga, akikumbusha yaliyotokea katika barabara za Ujerumani.

Lakini mwaka wa 1952, mahakama ilipothibitisha adhabu ya mtu aliyesambaza makaratasi ya kuwakashifu watu weusi, Jackson alipinga tena, safari hii akisimama upande wa mshtakiwa. Alikubali kwamba jimbo laweza kuadhibu kashfa ya namna hiyo, ila mshtakiwa alikuwa amenyimwa nafasi ya kujitetea, na hatari ya maneno yake haikuwa imepimwa.

Baadhi ya watu huona kigeugeu hapo. Mimi naona kipimo kimoja: tuulize alama au neno litaleta madhara gani, mahali gani, na ushahidi uko wapi. Marufuku peke yake ni ngao dhaifu. Serikali ya Prussia ilipokataza sare za Wanazi mnamo 1930, walivaa mashati meupe wakaendelea kuandamana. Isitoshe, afisa anayeruhusiwa leo kukataza kila kinachoudhi ndiye huyo huyo atakayeamuru kesho watoto wapige saluti. Hata Ujerumani ya leo, inayokataza alama za Nazi kwa sababu nzito za kihistoria, huziruhusu katika mafunzo, sanaa na utafiti. Mwalimu asiyeweza kumwonyesha mwanafunzi sura ya uovu atamfundishaje kuutambua?

Mnamo Mei 17, 1954, Jackson, akiwa mgonjwa wa moyo, alitoka hospitalini ili aketi na wenzake mahakama ilipotangaza kwamba kuwatenga wanafunzi weusi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Alifariki Oktoba mwaka huo. Naamini uamuzi wa siku ile uliwapa waliokashifiwa ulinzi mkubwa kuliko faini yoyote ambayo angetozwa msambazaji wa makaratasi.